Mchana, Mapazia Yamefungwa

Kaka yangu alinivunjia mlango saa nane mchana, kwa sepetu yangu mwenyewe ya kuzolea theluji. Sikuwa nimemkosea siku hiyo. Sikuwa mahututi, wala hakuna mtu aliyekuwa amenifungia ndani. Nilikuwa nimelala tu. Kwa wenyeji wa Buffalo, mtu kulala mchana mwezi wa kwanza, theluji imefika dirishani, si habari. Kwa watu wetu ilitosha kuvunja mlango na kumwaga damu, na kuwafanya wamama wa kanisa huko Louisville waanze kutafuta gari la kuwaleta huku. Nieleze mwenyewe, maana wengi wanaisimulia vibaya na wanacheka mahali pasipochekesha.

Nimezaliwa kwenye milima ya juu ya Kivu Kusini, kwa watu wa ng'ombe. Kwetu mtu halali mchana. Anayelala mchana ni mgonjwa, au amejifungua, au hatuko naye tena. Mama yangu alikuwa na fimbo maalumu ya kazi hiyo, nyembamba, iliyokaushwa juu ya moto. Ukisinzia saa saba mchana ilikushukia miguuni kabla hujajua kwamba umesinzia. Sikumchukia. Nilijifunza kuamka kabla ya fimbo, na ujuzi huo nilikuja nao Amerika, wenzangu walipokuja na vyeti.

Nilipokuwa na miaka kumi na minne tulikimbia. Baba alikuwa ameuawa uani kwetu, mbele ya zizi, na mama alikuwa ametangulia na kundi jingine. Nyuma tulibaki watatu: kaka yangu wa miaka kumi na sita, mimi, na mdogo wetu wa kike wa miaka minane. Tulitembea siku mbili kushuka kuelekea ziwani. Siku ya tatu, jua la saa sita, mdogo wetu alikaa chini katikati ya njia akasema miguu imekataa. Nilimpiga makofi mawili ya nguvu, nikamvuta kwa mkono. Alilia bila kutoa sauti, kwa sababu tulikuwa tumemfundisha kulia bila sauti. Kaka akanishika bega.

"Umuache apumuzike kidogo," alisema.

Basi tukaingia kichakani, naye akalala, kichwa mapajani pangu. Risasi zilianza kabla jua halijasogea. Ziwani tulifika wawili.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiisimulia kwa miaka mingi, na mwisho ulikuwa hapo. Kuna kipande nilikuwa nakiruka. Nitakifikia.

Amerika walitupeleka Louisville. Nilipata kazi Jeffersontown, kwenye kiwanda kimoja cha kupakia mizigo. Mkanda unapita mbele yako na maboksi, wewe unafunga, unapiga gundi, unasukuma, kwa muda wa saa kumi na mbili. Siku moja mama wa Kirundi aliyesimama kando yangu alibanwa kidole kwenye roli, na nilikisikia kikivunjika juu ya kelele zote za mashine. Walimtoa, wakafuta damu kwa karatasi, mkanda ukaendelea. Na mimi niliendelea. Nilijisifu sana kwa hilo. Wakati wa baridi, wenyeji walipoanza kuomba ruhusa, huyu ana mafua, yule mgongo, mimi nilichukua shifti zao, na nilipowaona wakivaa makoti kwenda nyumbani mchana nilitamani kuwapiga na boksi.

Kaka alikuwa anakaa nasi, mimi na mume wangu na binti yetu, na kaka naye alikuwa na kiwanda chake. Mwezi wa pili mmoja mvua ya barafu iliangusha matawi mjini kote ikakata umeme, kiwanda chake kikafungwa. Changu kilikuwa na mashine yake ya umeme, hakikufungwa mpaka katikati ya shifti. Nilirudi kwa miguu kutoka kituo cha basi, nimeanguka mara tatu, goti linatoka damu ndani ya suruali. Nikafungua mlango. Kaka yangu alikuwa peke yake kwenye kochi, kajifunika blanketi mbili, kinywa wazi, anakoroma. Ilikuwa saa sita na robo.

Nilichukua ndoo ya maji ya kupigia deki iliyokuwa jikoni, nikammwagia yote usoni. Aliruka. Nikamwambia, na nilisema polepole ili kila neno liingie:

"Lala tu. Si weye njo ulimulaza mutoto? Ulimuua na hiyo kupumuzika yako."

Alinipiga ngumi moja. Jino langu la mbele lilitoka likaanguka kwenye maji sakafuni. Nikashika birika nikampasua juu ya sikio. Tulipigana kama watu wasiojuana, tukaangusha runinga, tukavunja meza ya kioo, nikamng'ata mkononi, mpaka jirani akaanza kugonga ukuta. Halafu tukakaa chini, kila mtu na kona yake, tunahema, na hakuna aliyeomba msamaha. Kabla wiki haijaisha alihamia Columbus.

Ikapita miaka saba. Habari zake nilizisikia kwa watu. Asubuhi ghala, jioni ghala jingine, Jumamosi anasafisha maofisi, Jumapili anasali amesimama mlangoni kwa sababu akikaa kwenye benchi usingizi unamwangusha. Likizo alikuwa anaiuza. Watu walimsifu: mchapakazi, mwanamume wa kweli, vijana mwigeni. Tulikutana kwenye harusi na misiba, tukasalimiana kwa mkono. Kila nilipomwona alikuwa amekonda zaidi, macho mekundu. Watu hawakujua nani alimnyima usingizi. Mimi nilijua. Nilitaka kulirudisha lile neno. Kila mwaka nilitaka, hasa baridi ikianza, na kila mwaka nilinyamaza, kwa sababu mimi ni mtu wa hasira na mtu wa hasira huona haya kuliko mtu mpole. Niliogopa kwamba siku moja watanipigia kuniambia kaka yangu amesinzia kwenye usukani.

Mimi nami niliondoka Louisville. Mume wangu alikuwa amepata mwanamke mwingine, mwenye meno yote. Nilikuja Buffalo, upande wa West Side, nikapanga juu kwenye nyumba ya mbao ya zamani. Chini yangu aliishi mama mmoja wa kanisa letu, mzaliwa wa Uvira, mwenye roho nzuri na sikio refu. Binti yangu alikuwa chuoni mji mwingine. Kazi nilipata Kenmore, kumhudumia bibi mmoja wa kizungu aliyekaribia miaka tisini, mjane, akili yake nzima kabisa na ulimi wake pia.

Yule bibi alinitesa bila kunigusa. Theluji ya kwanza ikianguka tu, alianza kupunguza maisha. Aliacha kutoka. Aliacha kubadili nguo kabla ya saa tano. Mchana alikunywa supu, akaniambia nivute mapazia, akalala kwa saa mbili, bila haya yoyote, kila siku mpaka mwezi wa tatu. Nilikaa sebuleni nikisikiliza pumzi zake na kutamani ile fimbo ya mama yangu. Basi nikawa natafuta kazi za kelele. Naangusha sufuria. Napitisha mashine ya kufyonza vumbi mlangoni pake, naigonga kwenye kizingiti kwa makusudi. Siku moja akaniita bila kufungua macho.

"Huko nje unapigana na nani?"

"Nasafisha zulia, mama."

"Hilo zulia limeshakufa," alisema. "Liache."

Nikarudi jikoni nikaupiga mlango wa oveni teke, nikaumiza kidole gumba.

Halafu ikaja dhoruba ya mwezi wa kwanza. Ilipiga siku tatu kutoka ziwa la hapa Buffalo, ikafunika magari, ikafunika vibaraza. Watu wenye akili walikaa ndani. Mimi nilitoka kila baada ya saa mbili na sepetu, naipiga ile theluji kama mtu anayeua nyoka, naitukana kwa lugha zote nilizo nazo. Siku ya tatu nilikuwa nimemaliza kusafisha mbele ya nyumba, safi mpaka lami inaonekana, ndipo gari la jiji la kusukuma theluji likapita na kunirudishia rundo lote, limegandamana, refu mpaka kifuani. Dereva akanipungia mkono. Nililirushia lile gari sepetu. Nilirusha kwa nguvu zote, miguu ikatoka chini yangu, nikaangukia ngazi za kibaraza kwa ubavu.

Mbavu mbili zilivunjika, na bega likatoka mahali pake. Hospitali walilirudisha bega, na nilimtukana aliyelirudisha. Daktari aliongea nami kupitia mkalimani wa simu, kijana wa Kitanzania kwa jinsi alivyosema Kiswahili chake kilichonyooka.

"Mama, daktari anasema upumzike wiki tatu."

"Umuulize, kupumuzika ni kufanya nini?"

Wakaongea Kiingereza. "Anasema ni kutofanya kitu."

"Umuulize kama iko na akili."

"Mama," alisema yule kijana kwa upole, "hilo tusimtafsirie."

Wiki ya kwanza ya kupumzika ilikuwa vita. Nilipanga kabati kwa mkono mmoja. Niliosha vyombo kwa mkono mmoja, sahani ikaniponyoka, nikachukua nyingine mbili nikazivunja kwa makusudi ili ile ya kwanza isiwe peke yake. Kila nikilala kitandani mchana nilisikia nyayo nje, nikaamka kuchungulia. Nilikuwa naona barabara nyeupe tu, hakuna mtu. Binti yangu alipiga simu, nikamweleza. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yao, kwamba mimi sipumziki, nimejifunga jela na napigana na walinzi. Nilikata simu. Mtoto akisema kweli inauma zaidi.

Siku ya nane nilichoka kuwa mimi. Nikamwiga yule bibi wa Kenmore. Nilipika supu. Nikamwandikia binti yangu kwamba nazima simu siku mbili tatu, asihangaike. Nikavuta mapazia yote, saa sita mchana, jua la baridi linang'aa nje. Nikajilaza, mkono kifuani, na mkongojo wa hospitali, walionipa nisianguke tena kwenye barafu, kando ya godoro. Nikajiambia: hakuna anayekuja na fimbo. Yule mwenye fimbo amekufa, kule ziwani kwetu. Nililala.

Siku ya pili yake nililala tena, na niliamka nalia. Sikuwa nimelia tangu Louisville, na pale nililia kwa sababu ya jino. Sasa nililia mpaka mbavu zikanichoma kama kisu, na kile kipande nilichokuwa nakiruka kikaja chenyewe, chote.

Mdogo wetu alilala kichwa mapajani pangu, na mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu. Risasi zilipoanza niliamka mbio. Niliuachia mkono. Sikumtikisa, sikumwita. Kichwa chake kilianguka majanini, nikakisikia, na nikakimbia. Kaka ndiye aliyerudi kichakani. Alirudi huku wanapiga, akakaa huko muda ambao mimi nilijificha ndani ya shimo nikihesabu pumzi zangu, halafu akatokea peke yake, shati lote damu, na damu haikuwa yake.

Mtoto hakuuawa na usingizi. Aliuawa na watu wenye bunduki. Alikuwa amechoka, na kaka yangu alimhurumia, basi. Na mimi niliyeuachia mkono wake nilichukua ile huruma nikaigeuza kuwa mauaji, nikamtupia kaka usoni pamoja na ndoo ya maji.

Nilikaa na hilo kitandani, mapazia yamefungwa. Niliamua kwamba Jumapili nitawasha simu nimpigie. Nilikuwa na siku mbili za kutafuta maneno. Kisha, na hili lilinishangaza, nikalala tena, usingizi mzito.

Sasa yule mama wa chini. Alikuwa amegonga mlango siku moja kabla haujavunjwa, nikamfungulia, nikamwambia mimi ni mzima, najipumzikia tu. Alinitazama juu mpaka chini. Akatazama mapazia.

"Na muchana hivi umefunga rido?" aliuliza.

"Nimezifunga."

"Pole sana, mama," alisema, kama vile nimemwambia nina saratani. Akaniletea maziwa, akaomba sala ndefu, akashuka. Kisha, kwa roho yake nzuri, akapiga simu Columbus.

Hakusema uongo hata kidogo. Alimwambia kaka yangu hivi, na baadaye alinisimulia mwenyewe neno kwa neno: "Dada yako iko mugonjwa kidogo. Iko najilalia. Usihangaike sana, lakini ukipata nafasi, kuya."

Anayetujua ameshaelewa. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Mtu yuko mbali, peke yake, pengine anaendesha, utamuuaje naye? Unamwambia fulani ni mgonjwa kidogo, ukipata nafasi njoo. Atasafiri, atakuta viatu vimejaa mlangoni na wamama wanaimba, na hapo ataelewa akiwa ameshikwa mikono na watu. Mama yetu mwenyewe "aliugua kidogo" tukiwa Louisville, na wakati huo alikuwa na siku mbili kaburini. Kwa hiyo mtu akiwa mgonjwa kweli tunasema ana hali mbaya sana, muombeeni. Mgonjwa kidogo ni maiti. Yule mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote, lakini alinihurumia sana akasahau kwamba safari hii anasema kweli.

Kaka hakuuliza hata swali moja. Hatuulizi. Aliweka suti yake nyeusi kwenye kiti cha nyuma na kutoka Columbus saa kumi alfajiri, moja kwa moja kutoka kazini, bila kulala. Ni safari ya saa tano. Yeye alitumia kumi. Njiani, kando ya ziwa, theluji ilimfunga macho, gari likazunguka mara mbili barabarani na kuingia mtaroni, akatoka na kulichimbua kwa mikono. Huku nyuma alikuwa amewaambia watu wa Columbus kwamba nimekufa, nao wakawaambia wa Louisville.

Alifika kwangu saa nane mchana. Yule mama wa chini alikuwa kazini. Kaka akapanda ngazi za nyuma akitarajia kukuta viatu vya waombolezaji. Hapakuwa na kiatu hata kimoja. Hakuna wimbo, hakuna mtu, na mapazia yote yamefungwa. Aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo kitu kilipokatika ndani yake: alifikiri nimekufa na hakuna hata mmoja aliyekuja kunilia. Aligonga, nikanyamaza, kwa sababu dawa za maumivu zilikuwa zimenilaza mbali sana. Basi akachukua sepetu iliyoegemea ukutani na kuanza kuupiga mlango.

Mimi nilisikia bunduki.

Niliisikia ndani ya usingizi, pa, pa, pa, mbao zinapasuka, na niliijua. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mwili wote uliniambia nikimbie, nipite dirishani, na nakumbuka vizuri kabisa nikisema kwa sauti, "Leo sikimbii." Nilishika mkongojo kwa mkono mmoja mzima nikaenda mlangoni. Ubao wa mwisho uling'oka, baridi ikaingia, na ndani ya ile nuru nyeupe akasimama mtu mrefu na chuma mkononi. Nilimpiga na mkongojo usoni kwa nguvu zangu zote. Paji la uso lilifunguka. Nikampiga tena shingoni. Alipiga yowe sijawahi kulisikia kwa mwanamume, maana yeye alikuwa anapigwa na maiti. Akanisukuma, nikaangukia jiko, mbavu zangu zikalia. Nikanyanyua sufuria ya supu.

"Ni miye! Ni miye, dada!"

"Weye nani?"

"Kaka yako! Uko muzima? Uko muzima?"

Nilibaki na sufuria hewani. Damu ilikuwa inamshuka puani na kudondoka kwenye koti.

"Sasa unanivunjia mulango juu ya nini?" nilipiga kelele.

"Balinambia uko mugonjwa kidogo!" Sauti yake ilikuwa inapasuka. "Mugonjwa kidogo! Bon, nifikirie nini? Nagonga, unanyamaza. Rido zimefungwa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa najilalia."

"Muchana?"

"Muchana."

Alinitazama. Akageuka akaupiga ukuta ngumi, plasta ikaingia ndani, akaupiga tena, akaupiga tena, mpaka vidole vyake vikawa vyekundu na vyeupe. Nilidhani atanipiga mimi sasa, na ningemwacha. Lakini alishuka chini taratibu, mgongo ukutani, akakaa kwenye vipande vya mlango wangu. Theluji ilikuwa inaingia ndani.

Nilikuwa nimejipa siku mbili za kutafuta maneno, na bado sikuwa nimepata hata moja. Niliweka sufuria chini. Nikakaa mbele yake.

"Nilimuachia mukono," nilisema. "Kule. Walipoanza kupiga bunduki. Nilikuwa nimemushika, nikamuachia, nikakimbia. Weye haukumuua. Ni miye nilikimbia."

Alikuwa anafuta damu kwenye jicho. Hakushtuka.

"Minajua," alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Niliona."

Miaka yote ile. Nilipommwagia maji alijua. Nilipomwita muuaji alikuwa na jibu mdomoni, jibu moja tu ambalo lingeniua palepale, na badala ya kulitoa alinipiga ngumi.

"Juu ya nini haukusema?"

"Ulikuwa mutoto, dada." Akainamisha kichwa. "Na donc, miye njo nilisema apumuzike."

"Alikuwa amechoka," nilimwambia. "Ulisema vizuri. Unanisikia? Ulisema vizuri."

Alilia kama yule mdogo wetu tulivyomfundisha, bila sauti. Nilimfunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja, nikimtukana kidogo. Akaniambia ana shifti saa kumi na mbili asubuhi, lazima arudi. Akaniambia watu wa Louisville wanatafuta gari la kuja, lazima wapigiwe. Alitaka pia kutengeneza mlango. Alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akakaa tena, akashangaa kuona miguu yake inamkatalia.

"Pumuzika kidogo," nilisema.

"Hapana. Nikilala siamuke."

"Miye nitaangalia mulango."

Nilimpeleka kwenye godoro langu bila kumvua viatu. Nilipigilia blanketi pale mlango ulipokuwa, kwa misumari na nyundo, mkono mbovu umeshika msumari, ubavu unaniwaka kila pigo. Niliwasha simu nikampigia mama wa chini, nikamwambia awaambie wote mimi niko hai, na safari hii aseme kwamba nina hali mbaya sana, ndipo wataamini. Simu ya kaka ilianza kulia, namba ya Ohio, ya kazini. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Niliizima na kuitupa ndani ya boksi la vitunguu.

Halafu nikavuta mapazia vizuri, nikakaa sakafuni kando ya godoro na sepetu mapajani. Alikuwa ameshaanza kukoroma, kinywa wazi, kama siku ile ya Louisville, na damu imemkauka kwenye nyusi. Mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya blanketi. Niliushika. Nje gari la theluji lilipita, nikalisikia likinirudishia rundo lote mbele ya nyumba, nikaliacha. Alilala mchana ule mpaka mchana uliofuata. Mkono nilikuwa bado nimeushika alipoamka.